Sauti ya Bibi Ndani ya Gemu la Washirika

Bango lilifika kabla ya kompyuta. Lilikuwa na picha ya mikono miwili inayoshikana, mmoja mweusi na mwingine mweupe, ingawa meneja wa kampuni aliyekuja nalo kutoka Dar es Salaam alikuwa mweusi kuliko mimi. Mkuu wa chuo aliamuru litundikwe getini, akasimama barabarani kulitazama, akataka lishushwe kidogo, kisha lipandishwe. Asubuhi nzima hatukusoma. Tulikuwa tumeshika ngazi.

Chuo chetu kilikuwa Sakina, ghorofa ya pili ya jengo ambalo chini yake walikuwepo mafundi wa kuchomelea mageti. Tulikuwa wanafunzi kumi na wanne tunaosoma kutengeneza magemu ya kompyuta. Nyumbani Ngaramtoni hakuna aliyeelewa maana ya masomo hayo. Baba yangu, mzee wa kanisa, aliwaambia watu nasoma kompyuta na akaishia hapo, kwa sababu alijua angeongeza neno moja tu wangemuuliza kama ameuza ng'ombe ili binti yake akajifunze kucheza.

Mkuu wa chuo naye hakuelewa zaidi ya baba. Sijawahi kumwona ameshika gemu hata la kwenye simu. Lakini alikuwa na neno moja alilolipenda, "wadau", na alilitamka kama padri anavyotamka jina la mtakatifu. Chuo bila wadau ni sawa na darasa bila paa, alituambia, akiwa amesimama chini ya paa lililokuwa linavuja. Kwa hiyo ilipokuja kampuni ya kutengeneza magemu kutaka ushirikiano na chuo, alisaini makubaliano siku hiyohiyo, kwa kalamu waliyomletea wao.

Kompyuta zilikuja baadaye, kumi. Saba ziliwaka. Tulipewa na fulana. Meneja wa kampuni alikuwa mtu wa tabasamu pana na viatu vyenye soli nyeupe ambavyo vumbi la Sakina lilimnyima raha navyo. Kila baada ya dakika chache alikifuta kimoja nyuma ya mguu mwingine kama kuku. Alituita "familia" tangu dakika ya kwanza. Alisema kampuni inatengeneza gemu kubwa litakalochezwa duniani kote, hadithi yake iko Afrika, na kwamba wanataka vitu halisi kutoka kwa watu halisi. Wanafunzi watakaosaidia watafanya mafunzo kwa vitendo kwao, na huenda wakapata kazi.

Tulimpigia makofi. Mimi nilipiga kwa nguvu zaidi. Nasema hivyo ili asije mtu akadhani ninayeandika haya nilikuwa na macho makali kuliko wenzangu.

Upande wangu ulikuwa sauti. Nilikuwa na tabia ya kurekodi kwa simu kila nilichosikia: cheche za kuchomelea, kwaya ya vijana ikifanya mazoezi, punda wakigombana siku ya gulio. Meneja alitutaka kila mmoja amwonyeshe kazi yake. Zamu yangu ilipofika, nilimwekea rekodi ya bibi yangu akiita ndama asubuhi. Alivaa hedifoni akiwa anasoma ujumbe kwenye simu. Baada ya muda akaacha kusoma.

"Huyu ni nani?"

"Bibi yangu, mama wa baba. Anakaa juu ya Ngaramtoni."

"Anaimba nini?"

"Haimbi. Anaita ng'ombe."

Alivua hedifoni akamtazama mkuu wa chuo. "Huyu bibi tunamtaka," alisema, kama mtu anayechagua kuku sokoni.

Nami nilivimba kichwa. Nilirudi nyumbani kwa miguu kutoka barabara kuu nikiwa nimevaa fulana yao.

Bibi yangu sisi tulimwita Koko, kama Waarusha wote wanavyowaita bibi zao. Alikuwa na Kiswahili cha kununulia chumvi. Mengine yote aliyasema Kimaasai chetu cha Kiarusha. Alikuwa na shamba la mahindi na maharage, ng'ombe watano na ndama wawili, na kila mmoja alikuwa na jina alilompa yeye mwenyewe. Alikuwa na namna ya kuwaita ambayo sijaisikia kwa mtu mwingine: sauti ilianza chini, ikapanda taratibu, ikashikilia jina la ng'ombe pale juu, kisha ikakatika ghafla kana kwamba mtu ameziba mdomo wake. Ng'ombe waliinua vichwa vyote pamoja.

Walikuja watatu kwa gari la kampuni: meneja, fundi wa sauti aliyetoka ng'ambo, na dereva. Nilikuja nao pamoja na mwenzangu mmoja wa darasani, kijana wa Kichaga ambaye baba yake ana duka la vifaa vya ujenzi mjini. Yeye ndiye aliyekuwa hodari kuliko sote kuandika programu, na likizo iliyopita aliwahi kuja kwetu akala loshoro ya Koko, ile ya mahindi na maziwa mgando, mabakuli mawili, jambo ambalo Koko hakulisahau. Alipomwona, alimshika kichwa kumpokea salamu kama mjukuu. Meneja alisema "shikamoo" huku akitafuta pa kukanyaga pasipo na samadi.

Koko aliniuliza, "Wanataka nini?"

"Wanataka uite ng'ombe."

"Ng'ombe wako malishoni."

"Wanajua, Koko. Wanataka sauti yako tu."

Alinitazama kama nimepatwa na homa. "Nani anaita ng'ombe ambaye hayupo?"

Nilimtafsiria meneja. Alicheka, akasema nimwambie ni maigizo tu. Nilimwambia. Koko akaingia ndani akaendelea kuchambua maharage, nasi tukakaa nje kwenye magogo tukisubiri mifugo irudi, saa mbili nzima, meneja akifukuza nzi kwa bahasha. Katika siku zote za ushirikiano ule, hiyo ndiyo mara pekee niliyoona mtu akiwafanya wasubiri.

Ng'ombe waliporudi, Koko alitoka, akajifunga shuka vizuri, akawaita mmoja mmoja hadi wakaingia zizini. Fundi wa sauti alisimama na maiki yake kwenye fimbo ndefu. Alikuwa mtu mpole, na nadhani alisikia alichokuwa anarekodi, kwa sababu alipomaliza alishusha fimbo na hakuomba irudiwe. Meneja ndiye aliyetaka zaidi.

"Muulize kama anaweza kufanya kwa huzuni. Kama amepoteza kitu."

Nikamuuliza. Mimi, kwa mdomo wangu.

Koko alifikiri kidogo. Kisha akanisimulia, kwa sauti ya chini ili wageni wasisikie ingawa wasingeelewa, habari ya mwaka mmoja wa ukame baba yangu alipokuwa mtoto. Jike lake la kwanza, aliloletewa siku ya ndoa yake na lililozaa karibu zizi lote, lilikwenda na wengine kutafuta majani na halikurudi. Aliliita siku nne. Siku ya tano babu alimwambia anyamaze kwa sababu anawatia watoto simanzi.

"Tangu siku hiyo sijaliita," alisema. "Lakini kama ni kwa ajili ya shule yako."

Alifumba macho akaliita. Mwenzangu yule wa Kichaga aligeuza uso akatazama mlima. Ng'ombe zizini waliacha kutafuna.

"Poa sana," alisema meneja.

Kabla hawajaondoka walitoa karatasi yenye kurasa tatu, Kiingereza kitupu. Meneja alisema ni ya kawaida. Koko aliniuliza ni nini, nikamjibu, "Ni ya shule." Sikuwa nimesoma hata ukurasa wa kwanza. Aliweka dole gumba, nami nikasaini chini yake kama shahidi. Walimwachia fulana. Alimfunika nayo ndama mdogo usiku wa baridi, na hayo ndiyo matumizi pekee ya heshima niliyowahi kuona fulana zile zikipata.

Miezi ikapita. Waliochaguliwa kwa mafunzo kwa vitendo tulikuwa wanne, mimi na mwenzangu tukiwemo. Kisha ikatangazwa siku ya kuonyesha sehemu ya gemu mbele ya wageni. Mkuu wa chuo alikodi viti vyenye vitambaa na utepe. Kulikuwa na sambusa, soda, maofisa wawili wa mji waliokuja kwa ajili ya sambusa na soda, na hotuba tatu ambamo neno "ushirikiano" lilitajwa mara nyingi mno kiasi kwamba lilibaki kelele tu. Hakuna hata mmoja kati ya waliozungumza aliyeeleza gemu lenyewe linahusu nini.

Mwenzangu alichaguliwa kucheza mbele ya watu, picha ikionekana ukutani kwa projekta. Palikuwa na msitu, ukungu, mwanamume mwenye panga. Alitembea naye vizuri, akaruka magogo, watu wakashangilia. Akafika kwenye kibanda cha nyasi. Akatoka kikongwe aliyepinda mgongo, macho meupe yasiyo na mboni, shanga shingoni kama zile za bibi zetu, kucha ndefu. Juu yake yakatokea maandishi: Mchawi wa Mlimani.

Kikongwe akafungua mdomo, na Koko akaanza kuita ndama.

Walikuwa wameivuta sauti ikawa nzito na wameipa mwangwi, lakini hakuna namna ambayo ningeshindwa kuitambua. Aliita ndama wake mwekundu, kwa jina lake. Aliita ng'ombe aliyemzaa. Kila jina lilipotoka, moto ulitoka kwenye vidole vya mchawi. Mwenzangu, kwa mazoea ya mikono, alimpiga mara mbili za kwanza. Ya tatu ilimwangusha kikongwe magotini, na hapo wakaweka ile nyingine, ile ya jike lililopotea. Ndiyo waliyoifanya sauti ya kufa kwake.

Ukumbi ulipiga makofi. Mchezo ulikuwa umepangwa mchawi ainuke tena mara tatu, kwa hiyo akainuka, akaanza kuita upya. Mwenzangu aliacha kubonyeza. Akakaa tu na kile kidude cha kuchezea mkononi, na mtu mwenye panga naye akasimama, na Koko akaendelea kuita.

"Endelea, kijana," alisema mkuu wa chuo, akicheka na wageni. "Usituaibishe."

Mwenzangu aliweka kidude mezani. "Huyu bibi namfahamu," alisema kwa sauti. "Nimekula kwake."

Wageni waliangua kicheko. Walidhani ni utani. Hata meneja alicheka, akanyoosha mkono akachukua kile kidude, akammalizia mchawi mwenyewe. Makofi yakapigwa tena.

Nami nilipiga. Nilikuwa safu ya pili, nimevaa fulana, na mikono yangu ilipiga makofi pamoja na ya watu. Nimejaribu mara nyingi kujiambia nilikuwa nimeduwaa. Hapana. Mkuu wa chuo alikuwa ananitazama, na nilitaka ile nafasi ya kazi.

Kesho yake nilikwenda ofisini. Mkuu wa chuo alikuwa na meneja wakinywa chai.

"Ile sauti ya mchawi ni ya bibi yangu," nilisema.

"Ndiyo," alisema meneja, kwa furaha kabisa. "Amefanya kazi nzuri sana."

"Mlisema mnataka sauti ya kuita ng'ombe."

"Dada yangu, sauti ni malighafi. Fundi seremala akinunua mbao haulizi mti ulikuwa unafikiri nini."

"Bibi yangu si mti."

"Nani atamjua? Watakaocheza wako mbali huko."

"Mimi namjua. Na yule ndama mnayemtaja kwenye moto namjua pia, nimemkokota kwa kamba."

Meneja alimgeukia mkuu wa chuo kwa tabasamu la mtu anayengoja mhudumu aje afute meza. Mkuu wa chuo akakohoa. Aliniambia maneno ninayoyakumbuka yote, kwa sababu aliyasema kwa upole, na upole wa mtu anayekuuza una ladha yake. Alisema mimi ni binti mwenye akili. Alisema ushirikiano kama huu haupatikani kila siku, na kwamba wenzangu wanautegemea. Alisema karatasi ilisainiwa, na shahidi alikuwa nani?

"Tunaweza kumtaja mwishoni mwa gemu," meneja aliongeza. "Jina lake kamili. Sauti ya mchawi: fulani."

Alidhani ananipa zawadi. Hadi leo sijui cha kufanya na mtu wa namna hiyo. Mwizi anajua ameiba, anaficha. Huyu alikupokonya kitu mbele ya macho yako kisha akangoja umshukuru.

Niliwaambia sifanyi mafunzo kwao. Mkuu wa chuo akasema basi nijitafutie mahali mwenyewe, na kama sitapata, nisije kumlilia matokeo yatakapotoka. Mwenzangu naye alijitoa siku hiyohiyo, bila hotuba. Aliingia ofisini, akaweka fulana juu ya meza, akatoka.

Wiki tatu sikukanyaga nyumbani. Nilimdanganya mama kwamba nina mitihani, nikawa nalala kwa msichana mmoja wa darasani. Jumapili ya nne nilikwenda, baada ya ibada, nikiwa na video ambayo mtu mmoja darasani alikuwa ameirekodi siku ile kwa simu. Nilimkuta Koko amekaa nje akikoboa mahindi. Niliinamisha kichwa, akanigusa, akanisalimu "takwenya", nikaitika "iko", na baada ya hapo sikujua nianzie wapi. Kwa hiyo nilibonyeza tu.

Macho yake hayakuona vizuri vitu vidogo. Aliisogeza simu sikioni, akasikiliza hadi mwisho.

"Rudisha."

Nilirudisha mara tatu.

"Nani huyo anapigwa?"

"Mchawi."

"Na mchawi anaita nini?"

"Anaita ndama wako, Koko."

Alikaa na simu mapajani. Nilingoja alie, au anilaani, na kweli ningependelea laana. Badala yake alisonya, sonyo refu la kike la kwetu ambalo sijui namna ya kuliandika.

"Wananiua naita ndama," alisema. "Hao wamelelewa wapi, mtu asiyejua sauti ya anayeita mifugo yake jioni? Hata fisi anaijua. Fisi akiisikia anasimama."

Kisha akaniuliza, "Wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwepo."

"Ukasema nini?"

Ningeweza kumwambia habari za ofisini. Ndizo nilizokuja nazo, nimezipanga njiani. Lakini hakuniuliza habari za kesho yake.

"Nilipiga makofi."

Aliinuka polepole, akaenda kumpa ndama maji. Alikaa huko muda mrefu. Aliporudi alisema, bila kunitazama, "Kawaambie naitaka sauti yangu. Na hilo la jike, hilo kabla ya yote."

Tuliandika barua, mimi na mwenzangu, kwa Kiswahili, ukurasa mmoja. Nilimsomea Koko kila sentensi kwa Kimaasai, na mahali pawili alinirekebisha. Aliweka dole gumba lake. Safari hii sikuruhusu mtu mwingine aipeleke wala sikuiacha kwa karani: niliisoma kwa sauti darasani meneja alipokuja kutembelea, mkuu wa chuo akiwa mlangoni. Wenzangu kadhaa waliinamisha macho kwenye zile kompyuta saba. Wawili walisimama na mimi, na sikuwa nimewaomba. Meneja alisema, kwa lile tabasamu, kwamba watalifikiria katika toleo lijalo.

Mafunzo kwa vitendo nilifanya Ngarenaro, kwenye studio ya chumba kimoja inayorekodi kwaya za kanisa, ukuta mmoja na fundi wa kupaka magari rangi. Kuta zimewekwa magodoro ya zamani. Mwenye studio ni mama mtu mzima, mkali, Mkatoliki wa Rombo, asiyejua lolote kuhusu magemu na asiyejifanya kujua. Aliniambia siku ya kwanza kwamba mtu akiimba mbele ya maiki anakukabidhi shingo yake, na kwamba nikichelewa nisije. Yule mama alijaza fomu zangu za mafunzo kila Ijumaa kwa mwandiko wa shule ya msingi, na mkuu wa chuo alizipokea kwa ncha za vidole.

Ushirikiano ulikufa mwaka uliofuata. Hakuna aliyeutangaza kufa. Meneja aliacha kupokea simu za chuo, ndiyo basi. Kati ya wale wawili wa mafunzo waliobaki na kampuni, hakuna aliyepata kazi. Mkuu wa chuo alipata wadau wengine, wa sola.

Mimi na mwenzangu tulimaliza. Sasa tunatengeneza magemu madogo ya watoto kujifunza hesabu, yeye anaandika programu na mimi naweka sauti, na siku nyingine bado nafanya kazi kwa mama wa Ngarenaro.

Nilikuwa huko studio siku mwenzangu alipokuja na habari kwamba gemu la ile kampuni limetoka. Alikuwa ameliweka kwenye simu. Tulikaa kwenye ngazi za nje, harufu ya rangi ya magari ikitukaba, akacheza hadi kwenye kibanda cha nyasi. Kikongwe akatoka, na shanga zake, na macho yake meupe. Akafungua mdomo.

Haikuwa sauti ya Koko. Walikuwa wameitoa kweli, yote, hata ile ya jike. Mwenzangu alinishika bega.

Ilikuwa sauti ya kikongwe mwingine. Alikuwa halisi, hilo nilijua mara moja, kwa kazi yangu sauti nazitambua, si mwigizaji. Alisema maneno kwa lugha ambayo hakuna kati yetu aliyeijua, haraka, kama mtu anayemwita mtoto aliyekwenda mbali kidogo na nyumba. Kila neno lilitoka na moto.

"Unaelewa anachosema?" mwenzangu aliuliza.

"Sielewi."

Hakumpiga. Aliliacha gemu mpaka skrini ikazima yenyewe, kisha akalifuta. Ndani mama mwenye studio aliniita: kwaya ya akina mama wa Ngaramtoni ilikuwa imefika, watu kumi na wanane kwenye chumba cha watu wanane, na alitaka niende nikapange nani asimame karibu na maiki.